Unga wa Bakteria na Matope ya Idsowe

Mtu aliyeletwa kutusafishia mto alishuka kwenye gari akiwa amevaa viatu vyeupe. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Niño, na Garsen nzima haikuwa na mahali pakavu pa kukanyaga. Alisimama, akatazama chini, akatazama kushoto na kulia kama anayemtafuta aliyemwaga yale matope, kisha akarudi ndani ya gari kubadilisha viatu. Sisi tuliotumwa kumpokea tukangoja. Nilijiuliza moyoni, huyu ndiye atakayeshuka mtoni? Sikusema kwa sauti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameniajiri.

Nieleze kwanza mto ulikuwa umepatwa na nini. Juu kidogo ya Idsowe, kijiji alikozaliwa baba yangu, palikuwa na kituo cha pampu cha mradi wa umwagiliaji uliokufa zamani. Mradi ulikufa, lakini matangi yake ya dizeli hakuna aliyeyazika. Yaliachwa ukingoni yakiwa na mafuta yake, pamoja na mapipa ya oili chafu, na kila ofisa aliyepita aliyaona akasema ni mali ya ofisi nyingine. Mafuriko yalipokuja hayakuuliza ni mali ya ofisi gani. Yaliyang'oa matangi, yakayapasulia kwenye magogo, na mafuta yakaingia katika ule mkono wa mto unaopita nyuma ya mashamba, ambao wakati wa kiangazi hubaki dimbwi refu la maji yaliyosimama. Maji yaliposhuka, mafuta yalishuka nayo yakajichanganya na tope. Ukikanyaga pale, mguu ukizama, rangi za upinde wa mvua zilipanda juu zikakuzunguka kifundo, na harufu yake ilikaa kwenye ngozi hata ukijisugua kwa majivu. Kambare walielea matumbo juu. Ndama walinusa wakarudi nyuma.

Shamba lililoumia kuliko yote lilikuwa la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo, na sikumbuki siku niliyomsikia akimsifu mtu. Alikuwa amelima mpunga na ndizi kwenye ukingo ule tangu usichana wake. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimesomea viumbe vidogo visivyoonekana bila hadubini, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa na haja na elimu hiyo, nilikuwa nafundisha biolojia kwa muda katika shule ya sekondari. Shangazi aliyaona masomo yangu kuwa uharibifu wa macho.

"Umekaa miaka yote hiyo ukitazama kisichoonekana," aliniambia, "na kinachoonekana huwezi kukilima."

Sasa turudi kwa yule mtu. Tulimwita Daktari kwa sababu alijitambulisha hivyo, na mpaka leo sijui alikuwa daktari wa nini. Alitoka Nairobi, ametumwa na kampuni iliyopewa na shirika la misaada kazi ya kusafisha tope lile kwa bakteria. Alinichukua niwe mkalimani wake. Kiswahili alikijua vizuri kama mimi, lakini mbele za watu alizungumza Kiingereza tu. Nadhani aliona kuwa kwa Kiswahili kila mtu angegundua jinsi alichokuwa akisema kilivyokuwa kidogo. Basi yeye alisema Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kipokomo, na mwanamume mmoja mwenye kibanda cha chai, mtoto wa wafugaji, akageuza maneno yangu kwa Kiorma.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Daktari alinyanyua mfuko wa unga wa rangi ya pumba.

"Bakteria hawa ni askari," alisema. "Wamelala ndani ya unga huu. Tukiwamwaga mtoni wataamka na njaa, na chakula chao ni mafuta tu. Afrika hawapatikani. Tumewaagiza ng'ambo."

Nilifasiri huku ulimi ukinikwaruza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua kwamba bakteria wanaokula mafuta wamo kwenye tope karibu kila mahali, na mafuta yakimwagika wao huongezeka wenyewe bila kuagizwa. Wanachokosa ni hewa, na mbolea kidogo, maana mafuta matupu kwao ni kama kumlisha mtu samli bila chakula kingine. Chini ya dimbwi letu hapakuwa na hewa. Tope lilikuwa limejifunga kama ugali uliolala. Ungemwaga juu ya maji yale askari wa dunia nzima, wasingepata pumzi ya kula hata tone moja.

Shangazi alisimama. "Hao wadudu wako, wakishiba wanakwenda wapi?"

Daktari alicheka akasema mama asiwe na wasiwasi. Hilo halikuwa jibu, na shangazi hakuketi. Nikamjibu mimi, kwa lugha yetu, kwamba mafuta yakishaliwa hugeuka hewa na maji, na chakula kikiisha wadudu wenyewe hufa wakawa udongo.

"Basi wana adabu kuliko wageni wengine," alisema, akaketi.

Uwanja mzima ulicheka. Daktari naye alicheka, bila kujua anacheka nini.

Magunia ya unga yaliwekwa kwenye stoo ya mabati nyuma ya soko la Garsen. Juu ya kila gunia palikuwa na maandishi makubwa ya kutaka lihifadhiwe mahali pa baridi. Ndani ya stoo ile, saa sita mchana, hukuweza kushika kitasa cha mlango bila kitambaa. Nilimwambia Daktari. Akanijibu kwamba hao ni bakteria wa kisasa. Magunia yakakaa, wiki zikapita, na kilichokuwa kikingojwa si mvua wala ukame bali mgeni rasmi, ambaye kila alipopanga kuja alipata mkutano mwingine wenye chakula bora zaidi.

Nami sikuweza kuvumilia. Nilichota konzi moja ya unga nikaenda nayo kwenye maabara ya shule, kama kile chumba chenye sinki lisilo na maji kilistahili kuitwa maabara. Nilichukua mitungi mitatu ya vioo iliyokuwa ya jemu, nikaijaza maji yaliyochemshwa yenye mbolea kidogo ya shambani, na juu ya kila mmoja nikadondosha dizeli kiasi cha kufunika uso wa maji. Katika mtungi wa kwanza nilitia unga wa Daktari. Katika wa pili nilitia kijiko cha tope la Idsowe. Wa tatu sikutia kitu. Nikaziba midomo kwa pamba, na kila nilipopita niliitikisa ili ipate hewa.

Baada ya wiki kadhaa, mtungi wenye tope letu ulikuwa na maji ya mawingu, na ule utando wa dizeli ulikuwa umekatikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Mtungi wa unga ulikuwa unang'aa vilevile, dizeli imelala juu yake bila kuguswa, sawasawa na mtungi usio na kitu. Askari wa ng'ambo walikuwa wamekufa stooni kabla ya vita.

Nilimpelekea Daktari mitungi yote mitatu kwenye chumba chake katika nyumba ya wageni. Alikuwa anakula maini.

"Hii ni chupa," alisema. "Chupa si mto."

"Ni kweli," nikasema. "Lakini kama hawawezi chupa, mto watauweza?"

Alinitazama kama mtu anayesumbuliwa na inzi. "Wewe umeajiriwa kufasiri. Ukitaka kuwa mtafiti, tafuta utafiti wako."

Hatimaye mgeni rasmi alikuja, na sherehe ikafanywa. Ngoma zilichezwa, hotuba zikasomwa. Mgeni na Daktari walipanda mtumbwi wakiwa wamevaa mabuti ya mpira, magunia katikati yao, na mwenye mtumbwi akawasukuma mpaka katikati ya dimbwi. Wakaanza kutupa unga kwa mikono kama wanaolisha kuku. Upepo wa mchana uliokuwa ukivuma ukaurudisha ukawapaka usoni, na suti ya mgeni, ambayo ilikuwa nyeusi, ikawa kama ya mwenye kinu cha kusaga unga. Uliobaki ulielea juu ya maji kwa muda, ukavutwa kuelekea mto mkubwa, ukaondoka zake kwenda Kipini, mto unakoingia baharini. Chini yake tope lililala kama lilivyokuwa. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi; nilikuwa kazini.

Kisha Daktari akachota maji ya juu kwenye chupa ndogo safi, akayainua kwenye jua, akatangaza kuwa mabadiliko yameanza kuonekana. Maji ya juu hayakuwa na mafuta tangu miezi kadhaa nyuma. Mafuta yalikuwa chini, kwenye tope, mahali ambapo viatu vyake havikuwahi kufika.

Jioni ile nilikwenda kwa shangazi nikamwambia kila kitu, tangu mitungi hadi upepo. Nilitegemea atanicheka. Alichokora moto.

"Kwa hiyo wadudu tunao wenyewe."

"Tunao."

"Na wanataka nini?"

"Hewa. Na samadi. Tulitoe tope, tulichanganye na samadi na makapi ya mpunga, tulifanye matuta, tuwe tunaligeuza na kulinyunyizia maji."

"Samadi nyingi?"

"Nyingi sana."

Akakunja uso, na nikajua kwa nini. Samadi nyingi ilikuwa kwa wafugaji, na wafugaji na sisi tulikuwa hatusemeshani. Baada ya mafuriko, wakulima wa ukingo, shangazi akiwa mbele yao, walikuwa wameziba kwa miiba ya mathenge malka ya zamani, ile njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni, wakapanda mahindi juu yake. Wafugaji walizunguka mbali kunywesha, na wa mwisho walifika kwenye dimbwi la mafuta, ambapo ng'ombe walikataa. Fimbo zilikuwa zimeshainuliwa mara zaidi ya moja.

Tulikwenda wawili kwenye boma lao, mimi na yeye, tukiwa tumejitanda vizuri. Mzee wa boma lile alitupokea nje ya nyumba yake, akatuitikia salamu kirefu, akauliza habari za watoto, za mvua, za wagonjwa, mpaka shangazi akaanza kutafuna ushungi wake kwa kukosa subira. Kisha nikaeleza haja yetu kwa Kiswahili, ambacho sote watatu tulikisema kila mtu kwa namna yake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi mumetufungia mto kwa miiba," akasema. "Sasa mwataka mavi ya ng'ombe wetu."

"Mavi hayo mnayachoma," shangazi alisema.

"Twachoma yetu."

"Na ng'ombe wako wakinywa mafuta wakafa?"

"Wangekunywa kwenye malka, wasingefika kwenye mafuta, mama."

Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Alisimama kama anayeondoka, akaenda hatua chache, akarudi.

"Malka itafunguliwa," alisema. "Ipite kwenye mpaka wa shamba langu, juu ya mahali penye mafuta. Lakini ng'ombe mmoja akigusa mgomba wangu, nitamla na pembe zake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mama, kama waweza kula pembe, wewe ndiye wa kuogopwa, si mafuta."

Mapatano yakawa hayo. Siku ile nilijifunza zaidi kuhusu kusafisha mito kuliko yote niliyosikia kwenye hotuba za Daktari, ambaye katika ramani zake za rangi hakuwa amechora ng'ombe hata mmoja.

Kiangazi kilipokaza na mkono wa mto kupungua, tulianza. Wanawake wa ukingo walichimba tope kwa majembe, wanaume wakalibeba kwa machela za magunia, na mmoja alikaa na mkuki juu ya gogo kuangalia mamba, kwa maana mamba hakuwa amehama kwa ajili ya dizeli. Tulitandika turubai juu ya mahali palipoinuka, ili mafuta yasirudi ardhini, tukapanga matuta marefu. Samadi ilikuja kwa mikokoteni ya punda. Mzee mwenyewe alikuja kukagua kama tunaitumia vizuri, akasema tunaichanganya kama watu wanaopika bila mwiko. Alikuwa sahihi, tukabadilisha, tukaanza kulipindua tope kwa chepe kutoka chini kuja juu.

Kazi ile ilikuwa chafu, sitaipamba. Vichwa viliuma kwa harufu. Mwanamke mmoja alitokwa na malengelenge mikononi tukaanza kujifunga mifuko ya nailoni. Wengine walikata tamaa wakaacha, na siku nyingine nilibaki mimi, shangazi na jirani zake wachache. Lakini matuta yalipata joto. Ukitia mkono ndani ya tuta asubuhi, lilikuwa na joto kama tumbo la mnyama. Kidogo kidogo ile harufu ya mafuta ikapungua, na chini yake ikaja harufu nyingine, ya udongo baada ya mvua.

Shangazi hakuamini pua. Alipanda mahindi kwenye makopo mawili, moja lina tope la dimbwini, jingine lina udongo wa tuta. La dimbwini halikutoa kitu. La tuta liliota majani, membamba kidogo, lakini mabichi. Alilizunguka kopo lile kama anayemkagua ng'ombe wa mahari.

"Membamba," akasema. Kwa shangazi, hiyo ilikuwa sifa.

Habari zikafika Nairobi. Daktari akarudi, safari hii na mpiga picha, na mgeni rasmi tena, na fulana zenye nembo ya mradi. Aliagiza matuta yetu yapigwe picha kutoka pande zote. Alishika udongo kwenye kiganja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaunusa huku kamera ikimtazama. Akawagawia wanawake fulana wazivae. Shangazi alichukua mbili. Nilipomtazama kwa mshangao alisema fulana haina kosa.

Mkutano ukaitishwa palepale kando ya matuta. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande wa pili, mzee wao akiwa mbele na bakora yake. Daktari akaanza.

"Mnaona kwa macho yenu kazi ya askari wetu. Wale tuliowamwaga mtoni wamesafiri ndani ya tope mpaka wameingia kwenye matuta haya."

Nilifasiri. Minong'ono ikaanza. Yule mwenye kibanda cha chai akafasiri kwa Kiorma, na upande wa wafugaji mtu akaguna kwa nguvu. Mgeni rasmi aliona kuwa watu hawakufurahi. Akamwinamia Daktari akamuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Daktari hakuhangaika hata kushusha sauti vya kutosha. Akamjibu, naye anatabasamu, kwamba hakuna shida, kwamba watu hawa hata ungewaletea unga wa ngano ukawaambia ni dawa, wangeushangilia.

Nilikuwa nimesimama kati yao. Kazi yangu ilikuwa kufasiri kila neno linalotoka mezani. Nikafasiri.

Nilifasiri pole pole, kwa Kipokomo kilichonyooka, bila kuongeza chumvi, na nikangoja mwenye kibanda cha chai amalize kwa Kiorma. Alichukua muda wake, nadhani kwa raha. Daktari alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu hakujua lugha hata moja kati ya zile mbili.

Mzee alisimama kwa bakora yake akasema kwa Kiswahili, ili asihitaji mkalimani: "Daktari, huo si unga wa ngano. Huo ni mavi ya ng'ombe wangu. Umeunusa mbele ya kamera."

Sikuwahi kusikia wakulima na wafugaji wakicheka pamoja vile. Wanawake walijifunika nyuso kwa fulana za mradi. Mgeni rasmi alitazama saa yake, akakumbuka mkutano mwingine. Daktari aligeuka kunitazama, na tabasamu lilikuwa limekwama usoni kama kitu alichosahau kukitoa.

"Umewaambia nini?" akaniuliza.

"Ulichosema."

Alinifukuza kazi akiwa ndani ya gari, kupitia kidirisha.

Natamani niseme kwamba baada ya hapo haki ilitendeka. Haikutendeka. Nilisikia baadaye kwamba picha za matuta yetu zilionyeshwa mjini kama ushindi wa unga ule, na kwamba Daktari alipelekwa kusafisha mto wa watu wengine. Nawaonea huruma. Sisi wenyewe tulilimaliza tope la upande wa mashamba tu. Sehemu ya chini, ambako oili nzito ilikuwa imezama, hatukuifikia kabla mvua hazijarudi, na hata bakteria wetu wazalendo huitafuna oili ile polepole mno, kama mzee asiye na meno. Miaka iliyofuata ukichimba pale kwa mti, bado ulipanda weusi.

Malka ilibaki wazi. Waligombana juu yake kila kiangazi, na shangazi aliwahi kwenda bomani kudai mgomba uliotafunwa, akarudi na dume la mbuzi na hasira zake zote. Lakini miiba haikurudishwa.

Udongo wa matuta tuliutandaza, na juu yake shangazi akapanda ndizi. Mkungu wa kwanza ulipoiva nilikuwa nimekuja kumsalimu. Nilinyoosha mkono nichume moja, akanipiga kibao cha mkono kama mtoto.

"Tulia," alisema. "Ametangulia yule dume la mbuzi kuzila na maganda yake tangu juzi. Mpaka kesho akiwa bado anasumbua watu, utakula."

Nililala kwake. Kulipokucha tulimkuta mbuzi amepanda juu ya kinu, anatafuna pindo la fulana ya mradi iliyoanikwa, na shangazi akanikatia ndizi mbili.